Gari la Chama Mwishoni mwa Kiangazi: Matengenezo ya Mapema na Udereva wa Salama

Mkoa wa Kigoma si jangwa. Mji wa Kigoma hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na milima ya Kalinzi, Manyovu na Kasulu hubaki na kijani wakati ambapo nchi nyingine imekwisha kukauka. Lakini mvua hiyo karibu yote hunyesha kati ya mwezi wa Oktoba na mwezi wa Mei. Katika Juni, Julai na Agosti ni nadra tone kuanguka. Upepo wa kusini-mashariki huvuma, majani ya kando ya njia hugeuka mekundu kwa vumbi, na udongo husagwa na magurudumu hata ukawa laini kama unga wa muhogo. Ifikapo Septemba, njia iendayo kwenye ghala la chama haina tofauti kubwa na njia ya jangwani: vumbi jingi, jua kali la mchana, baridi ya alfajiri huko milimani, na visima vya kando ya barabara vilivyopungua maji.

Wakati huo ndipo gari la chama linapokuwa limechoka zaidi, na ndipo pia linapohitajiwa zaidi. Kwa miezi mitatu au minne limebeba kahawa, mahindi, maharagwe na mihogo kutoka vijijini. Sasa linatakiwa kurudi vijijini humo likiwa na mbegu na mbolea kabla mvua hazijakolea. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, huweza kuufikisha mzigo stesheni, lakini mfuko wa mbolea hautembei wenyewe kutoka stesheni hadi shambani. Lori likikwama mwezi wa Oktoba, mbolea hulala mjini wakati mahindi yanangoja kupandwa, na hasara hiyo humwangukia kila mwanachama, hata yule ambaye hajawahi kulipanda gari hilo.

Kuna jambo moja ambalo makatibu na wanachama wanaombwa kulikumbuka kuliko mengine yote. Gari huonekana kuharibika wakati wa mvua, lakini ugonjwa wenyewe hulipata wakati wa kiangazi. Maji na matope hufichua tu kile ambacho vumbi na joto vimekwisha kukila. Kwa sababu hiyo, majuma ya mwisho ya kiangazi ndiyo wakati wa kulikagua gari na kulitengeneza. Anayengoja mvua ya kwanza amekwisha chelewa.

VUMBI NA PUMZI YA INJINI

Injini huvuta hewa nyingi mno kuliko mafuta inayotumia. Hewa hiyo ikiwa na vumbi, huwa imebeba chembe za mchanga ambazo ni ngumu za kutosha kukwaruza chuma. Chembe zikipita na kuingia ndani ya silinda, huchanganyika na oili na kufanya kazi ya msasa: hula ringi, hula kuta za silinda, na baadaye hula vikombe vya beringi. Kinachozuia balaa hilo ni chujio la hewa, ambalo mafundi wengi huliita eya klina.

Chujio likijaa vumbi, injini hukosa pumzi. Dalili zake ni moshi mweusi, nguvu kupungua mlimani, na dizeli kuisha upesi kuliko kawaida. Hali hiyo ni mbaya lakini hutengenezeka kwa bei ndogo. Iliyo mbaya zaidi ni pale ambapo chujio limetoboka, au mpira unaounganisha chujio na injini umepasuka, au kibano chake kimelegea. Hapo gari haliwi zito hata kidogo. Huvuta vizuri huku likimeza vumbi, na dereva hajui lolote hadi moshi wa bluu utokapo na oili ianze kupungua kila siku. Moshi huo ukionekana, mara nyingi injini inadai kufunguliwa.

Chujio la karatasi hupulizwa kwa upepo wa pampu usio mkali sana, kutoka ndani kwenda nje, ili vumbi lirudi lilikotoka. Halipigwi chini wala kwenye gurudumu, kwa maana mikunjo yake huvunjika na mpira wa ukingoni hupinda. Halioshwi kwa petroli wala kwa mafuta ya taa. Baada ya kupulizwa, litazamwe kwa kuweka taa ndani yake: palipo na nukta ya mwanga pana tundu, na chujio hilo halifai tena. Malori ya zamani yenye chujio la bakuli la oili yataka bakuli lifunguliwe, tope litolewe, na oili mpya itiwe hadi kwenye alama. Ikizidi alama, injini huweza kuivuta ndani.

Vitabu vya magari hutaja kilomita za kubadili oili na machujio, na vingi huongeza kwamba katika vumbi jingi muda huo upunguzwe. Faida ya shauri hilo yaonekana kwa hesabu ndogo. Lori liendalo kilomita 60 kwa siku, siku 6 kwa juma, hutimiza kilomita 4,680 katika majuma 13. Ikiwa kitabu kinasema oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, katibu anayeifuata namba hiyo bila kutazama barabara atamaliza kiangazi kizima pasipo kubadili oili hata mara moja. Akiigawanya kwa mbili, atakuwa ameibadili katikati ya kazi, na ataibadili tena kabla ya mvua. Chujio la hewa halingoji namba hiyo: katika vumbi la Agosti lifunguliwe na kutazamwa kila juma.

MAJI, JOTO NA MLIMA

Gari linalotoka Ujiji kwenda Manyovu huanzia karibu na ziwa, ambalo liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, kisha hupanda milima likiwa limejaa mzigo. Kadiri mahali palivyo juu, ndivyo maji yanavyochemka upesi. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 za Selsiasi, si 100. Kifuniko cha rejeta kimetengenezwa ili kuzuia jambo hilo: huyabana maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Mpira wa kifuniko ukiisha au springi yake ikilegea, rejeta nzima huwa kama sufuria isiyofunikwa. Kifuniko kipya ni kitu cha bei ndogo, nacho kimeokoa injini nyingi.

Upande wa mbele wa rejeta hujaa vumbi, mbegu za majani na wadudu waliokauka. Uoshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda mbele, na mapezi yake yasilazwe. Mkanda wa feni ubonyezwe kwa kidole gumba katikati: ukiwa umelegea sana, feni haizunguki inavyopasa, ukiwa na nyufa, ubadilishwe kabla haujakatika njiani. Baadhi ya madereva huondoa themostati wakidhani kuwa wanaisaidia injini ipoe. Kwa kweli huifanya ikawie kupata moto wake wa kazi, dizeli nyingi itumike, na silinda ziishe upesi.

Maji yenyewe yataka kuchaguliwa. Maji ya Ziwa Tanganyika ni mazuri kwa samaki, lakini yana chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake, nazo huacha ukoko kwenye njia nyembamba za rejeta kama ule unaoonekana ndani ya birika. Maji ya chemchemi za chumvi za Uvinza, ambako watu wamechemsha chumvi tangu zamani, hayafai kabisa, kwa kuwa hula chuma. Yaliyo bora ni maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yakichanganywa na dawa ya rejeta kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Yakikosekana, maji safi ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo kisicho na kutu ni afadhali kuliko ya ziwani. Kila gari liwe na dumu la lita 20 za maji ya rejeta, nalo lisitumiwe kwa kunawia.

Injini ikichemka, dereva asimame mahali pa salama, aiache ipoe nusu saa au zaidi, ndipo afungue kifuniko polepole akiwa amekifunika kwa kitambaa kinene. Kifuniko kikifunguliwa kikiwa cha moto, maji hulipuka kama mvuke na huweza kumpofusha mtu. Wala maji baridi yasimiminwe ghafula kwenye injini yenye moto, maana chuma huweza kupasuka.

DIZELI NA BETRI

Vyama vingi huweka dizeli katika mapipa ya lita 200. Pipa huvuta pumzi: mchana hupata moto na kutoa hewa, usiku hupoa na kuvuta hewa ndani pamoja na unyevu na vumbi. Likiwa limesimama wazi na maji yametuama juu yake, huyavuta maji hayo kupitia kwenye kizibo. Yafaa mapipa yalazwe kivulini juu ya magogo, au yakisimama yainamishwe kidogo ili maji yasizunguke kizibo. Dizeli iachwe itulie tangu jana yake kabla ya kuvutwa, na mpira wa kuvutia usifike chini kabisa, kwa kuwa huko ndiko maji na takataka hukaa. Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, maji yaliyokusanyika chini ya chujio la dizeli yamwagwe. Pampu na nozeli ni vitu vya gharama kubwa, na tone la maji huweza kuviharibu. Tanki la gari lijazwe jioni baada ya kazi, ili usiku pasibaki nafasi ya unyevu.

Betri nayo huumia zaidi kwa joto kuliko kwa baridi. Maji yake hukauka, sahani hubaki wazi na kufa. Uharibifu huo hautambuliwi mpaka asubuhi ya baridi huko Kasulu au Kibondo, ambapo injini ni nzito na betri haina nguvu ya kuizungusha. Betri zenye vizibo zitazamwe kila juma, na maji ya betri yaongezwe hadi yazifunike sahani kwa kiasi cha milimita 10. Asidi isiongezwe. Vichwa vyake vioshwe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, huku vizibo vimefungwa, kisha vikauke na kupakwa grisi. Anayefungua nyaya aanze na ule wa hasi, na anayefunga aumalizie huo wa hasi. Moto wa kiberiti au sigara usikaribie betri inayochajiwa, kwa sababu hewa itokayo humo hulipuka.

MATAIRI

Adui wa tairi ni joto, na joto hutokana zaidi na upepo mdogo pamoja na mzigo mzito. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka, hupata moto ndani, na kamba zake huachana hata kama kwa nje laonekana zima. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Mchana kipimo hupanda chenyewe kwa moto, na dereva anayepunguza upepo kwa sababu hiyo hubaki na tairi pungufu lipoapo, naye amejitafutia mpasuko wa safari ijayo.

Tairi huzeeka hata lisipotumika. Ubavuni mwake huandikwa tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Katibu anayenunua matairi, hasa yaliyokwisha kutumika, azisome tarakimu hizo kabla ya kulipa, na atazame nyufa za ubavuni zinazoletwa na jua. Meno yaliyolika yakabaki na kina cha chini ya milimita 3 yaweza kuvumilika katika vumbi, lakini katika tope hayashiki kitu. Mawe yaliyobanwa kati ya magurudumu mawili ya nyuma yaondolewe kila safari. Tairi la akiba lipimwe upepo pamoja na mengine, na jeki ijaribiwe nyumbani kabla ya kuhitajiwa porini.

BREKI, SPRINGI NA TAA

Barabara ya kiangazi huota matuta madogo yanayofuatana kama mbavu. Mtetemo wake hulegeza kila kilichofungwa: boliti za springi, nati za magurudumu, vishikio vya tanki, nyaya za taa. Kila asubuhi utingo apite na spana ya magurudumu, na kila juma grisi isukumwe mpaka ile chafu ya zamani itoke na ile safi ionekane. Usukani wenye mchezo mkubwa upelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo.

Ngoma za breki zifunguliwe zitolewe vumbi, lakini vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo, kwa kuwa ni sumu kwa mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Magari yenye breki za mafuta yabadilishiwe mafuta hayo kila baada ya miaka 2, maana hunyonya unyevu wa hewa, na yakipata moto mteremkoni unyevu huo huchemka na kanyagio likazama bila kushika. Magari yenye breki za upepo yamwagiwe maji ya matangi yake kila siku.

Kisha kuna vitu ambavyo kiangazi huvisahaulisha kwa sababu havitumiki. Mpira wa waipa hukauka kwa jua, na mvua ya kwanza huukuta ukiwa mgumu kama ukuni, nao hupaka tope kwenye kioo badala ya kulifuta. Ujaribiwe sasa kwa maji ya ndoo. Kioo chenye vumbi kisifutwe kikavu, maana hukwaruzika, na usiku taa za gari linalokuja huifanya mikwaruzo hiyo ing'ae. Taa za nyuma zifutwe kila jioni: vumbi likizifunika, lori huwa halina taa ingawa zinawaka.

KUENDESHA NDANI YA VUMBI NA MOSHI

Gari linaloenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika sekunde moja. Ikiwa vumbi la gari la mbele linamruhusu dereva kuona mita 30 tu, basi kitu chochote kilichosimama humo atakifikia kabla ya sekunde mbili kupita, na sehemu ya muda huo huishia katika kushtuka tu. Kwa hiyo kanuni ni moja: mwendo usizidi ule unaomwezesha dereva kusimama ndani ya umbali anaouona. Awashe taa za chini, akae upande wake wa kushoto, na arudi nyuma mpaka vumbi lipungue. Asilipite gari la mbele asipoona njia nzima. Zaidi ya ajali moja imetokana na dereva aliyedhani kwamba nyuma ya vumbi hakuna kitu.

Akilazimika kusimama, atoke kabisa barabarani, kwani anayemfuata naye haoni. Gari bovu liwekewe pembe tatu za tahadhari mbali ya kutosha. Matawi ya miti yakitumika kwa kuongezea, yaondolewe gari likisha kutengenezwa.

Mwishoni mwa kiangazi moshi wa mioto ya porini huongezeka juu ya vumbi. Moshi ukifunika barabara, ni afadhali kungoja kuliko kuingia. Tena ijulikane kwamba Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, na jua huchwa huku karibu saa moja ya usiku. Dereva atokaye Kasulu au Uvinza kuelekea ziwani baada ya saa kumi na moja hulikabili jua usoni, wakati ule ule ambapo wapanda baiskeli wenye madumu ya mawese, watoto na ng'ombe wamejaa njiani wakirudi nyumbani. Safari ikipangwa kuanza alfajiri, hatari hiyo huepukwa bila gharama yoyote.

Sehemu kubwa za barabara kuu za mkoa zimewekwa lami katika miaka ya karibuni, na jambo hilo limeleta kishawishi cha mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari ya biashara yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500. Lori linaloacha lami na kuingia njia ya kijiji lipunguze mwendo kabla ya kuacha lami, si baada yake.

MTEREMKO

Njia karibu zote za Kigoma mwisho wake ni kuteremka. Barabara ya Manyovu huteremka hadi Mwandiga, na hata mjini Kigoma mteremko huishia stesheni na bandarini. Dereva atie gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, na gia ifaayo kwa kawaida ni ile ambayo angepandia mlima huo huo akiwa na mzigo ule ule. Injini ndiyo ilizuie gari. Breki ziwe msaada.

Desturi ya kutoa gia au kuzima injini ili kubana dizeli ni ya hatari kubwa. Injini ikizimika, breki hupoteza msaada wake, usukani huwa mzito, na tani kadhaa za mazao hubaki zikizuiwa na breki peke yake. Breki zikishikwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto sana haziishiki ngoma. Lita moja iliyookolewa kwa njia hiyo imewahi kulipiwa kwa maisha ya watu. Kamati isimsifu dereva kwa kutumia dizeli kidogo bila kuuliza ameipunguzaje.

MVUA YA KWANZA

Mvua ya kwanza ni ya hatari kuliko ya kumi. Kwenye lami, maji machache huchanganyika na vumbi na oili ya miezi mingi, na barabara huteleza kama iliyopakwa sabuni mpaka mvua kubwa iioshe. Kwenye udongo mwekundu, unga wa juu hugeuka utelezi huku chini pakiwa bado pagumu. Dereva apunguze mwendo, asikanyage breki ghafula, asikate usukani kwa nguvu. Mara nyingi kungoja saa moja baada ya mvua kupita kunatosha.

Vijito vilivyokuwa vikavu tangu Juni huweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mlimani, hata kama mahali gari lilipo hapajanyesha. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 huweza kuisukuma gari ndogo, na ya sentimita 60 huweza kuyachukua magari mengi. Isipoonekana chini, isivukwe.

WATU NA MZIGO

Gunia la kahawa huwekwa garini ili lisafirishwe. Mwanachama hapandi juu yake. Kuwapakia watu juu ya mzigo ni kosa, na wanaotupwa chini katika ajali ya namna hiyo mara nyingi hawanusuriki. Jambo hili ni gumu, kwa kuwa anayeomba kupanda ni jirani, ni mama aendaye hospitali, ni mwenye mzigo mwenyewe. Dereva hawezi kuwakatalia watu wa kijiji chake kila siku akiwa peke yake. Ni wajibu wa mkutano wa wanachama kulipitisha azimio hilo, liandikwe, libandikwe ghalani, ili dereva akatae kwa jina la chama zima, na mgonjwa atafutiwe nafasi ndani ya kibanda cha dereva.

WAJIBU WA KATIBU NA KAMATI

Gari la chama lina madereva, lakini mwenyewe ni wanachama, na mlinzi wa mali yao ni katibu pamoja na kamati. Hapana budi kila gari liwe na daftari lake, ambamo huandikwa kilomita za kutoka na za kurudi, dizeli iliyotiwa, oili iliyoongezwa, kila kilichobadilishwa na tarehe yake, na kila hitilafu ambayo dereva ameitaja. Daftari hilo humsaidia mkaguzi wa hesabu. Zaidi ya hapo, huonyesha ugonjwa mapema. Gari lililokuwa likiongezewa oili nusu lita kwa juma na sasa lataka lita mbili limekwisha kusema linaumwa.

Kamati itenge fedha za matengenezo ya mwisho wa kiangazi wakati mazao yanapouzwa na fedha zipo, badala ya kuzitafuta Oktoba. Tena izingatie kwamba dereva akiandika kuwa breki hazishiki, kisha akaamriwa kuondoka, ajali itakayotokea si yake peke yake. Jina la aliyeamuru nalo limo katika daftari.

Vyama visivyo na gari na ambavyo hukodi malori vina wajibu ule ule. Kabla gunia la kwanza halijapakiwa, katibu azunguke gari: atazame matairi yote pamoja na la akiba, amwombe dereva akanyage breki na kuwasha taa, aone leseni na bima, atazame moshi injini ikiwashwa. Kazi hiyo haichukui robo saa. Lori la bei nafuu linalolala njiani siku tatu na kahawa ya wanachama halikuwa nafuu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Chama ambacho kufikia mwisho wa Septemba kimebadili oili na machujio, kimeosha rejeta, kimepima matairi, kimefungua breki na kujaribu waipa kitaingia katika mvua kikiwa na gari linalofika. Mbegu zitakuwa shambani kwa wakati wake, na dereva, utingo na wanachama watarudi nyumbani salama.